Punje Kumi za Mkaguzi

Siku hizi wanaita chekechea. Sisi, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, tuliita darasa la vitoto, na mwalimu wake nilikuwa mimi, kwa sababu ambayo mpaka leo siielewi vizuri. Nilikuwa nimemaliza darasa la nne na nilikuwa na kaptula safi. Nadhani kaptula ndiyo iliyonipatia kazi.

Darasa lenyewe lilikuwa kibanda kando ya kanisa, upande wa Kihanga, migomba pande zote. Watoto ishirini na wawili, wa miaka minne mpaka sita, walikaa juu ya nyasi zilizotandikwa chini kama nyumbani kwao. Misheni ilikuwa imeleta habari: Ijumaa atafika mkaguzi. Akikuta watoto hawawezi kuhesabu mpaka kumi, darasa linafungwa na kibanda kinakuwa ghala. Watoto wangekaa nyumbani mpaka wapate miguu ya kutembea saa mbili kwenda shule kubwa na saa mbili kurudi. Na mimi ningerudi kwa baba kukata majani makavu ya migomba, kazi ambayo, niseme haki, niliifanya vizuri kuliko ualimu.

Pamoja na habari ililetwa ratiba ya shughuli za wiki, imepigwa chapa. Ilikuwa ratiba nzuri sana. Ilitaka shanga za rangi sita, picha za wanyama wa porini, na meza ndogo ndogo. Aliyeiandika bila shaka alikuwa mtu mwenye akili, ila hakuwa amefika kwetu, na hilo si kosa lake, kwetu ni mbali.

Jumatatu ilikuwa kuhesabu. Kwa kuwa shanga hatukuwa nazo, niliwaambia watoto kila mmoja akimbie nyumbani alete punje kumi za kahawa. Nilijiona mjanja. Kwenye daftari langu la siku hizo nimeandika, "Leo nimebuni jambo." Naona aibu kulisoma.

Punje walizoleta hazikuwa mbichi. Zilikuwa zile za kutafuna, emwani, zilizochemshwa na majani yake yenye harufu na kuanikwa juani, zile ambazo kila nyumba huziweka kwenye kikapu kidogo kumngojea mgeni. Bibi mmoja alizileta mwenyewe, amemshika mjukuu wake mkono. Mjukuu huyo alikuwa msichana wa miaka mitano hivi ambaye kwa wiki tatu hakuwa ametamka hata neno moja darasani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Kuna wageni leo?"

"Hakuna, bibi. Ni za kuhesabia."

Alinitazama kuanzia kaptula mpaka kichwani. "Kuhesabia. Na wakishahesabu, nani anatafuna?"

"Hakuna anayetafuna."

"Ee! Miaka minne umekaa shule unafundishwa kumnyima mtu kahawa?"

Akacheka, akaondoka. Nilimwona ni mama mzee tu, asiye na elimu. Niliandika hivyo pia, kwa wino.

Siku nzima tulihesabu. Waliimba moja mpaka kumi kwa sauti nzuri, lakini nikimwambia mmoja anipe punje nne ananipa zote, kwa mikono miwili, amepiga magoti. Nikasema moyoni, hawa watoto ni wazito. Haikunijia kabisa kwamba mimi mwenyewe nililelewa hivyohivyo, kwamba mtoto wa kwetu akiwa na kahawa mkononi mbele ya mtu mzima, kuna jambo moja tu la kufanya nayo.

Jumanne ilikuwa usafi. Ratiba ilisema mwalimu aonyeshe mfano kwa mikono yake. Watoto walikagua kucha zangu kwa makini kuliko nilivyotarajia, na nikatumwa kisimani.

Jumatano, au Alhamisi, daftari limelowa mvua hapo, ilikuwa udongo. Ratiba ilisema, "Watoto wafinyange mpira." Nikafinyanga mpira, nikauinua juu. Nikapata ng'ombe ishirini na mmoja wenye pembe ndefu kama mikono yangu. Kijana mmoja peke yake ndiye aliyefinyanga duara. Nikafurahi, nikamsifu mbele ya wenzake.

"Huu ni mpira, sivyo?"

"Hapana, mwalimu. Ni ng'ombe amelala."

"Na pembe ziko wapi?"

"Amezilalia."

Darasa zima likamwunga mkono. Nilitafuta njia ya kumpa kosa sikuiona, na mpaka leo sijaiona. Picha za wanyama wa porini nilizichora mwenyewe kwa mkaa kwenye kipande cha mbao. Simba wangu aliwafurahisha sana, walimwita mbuzi.

Ijumaa ikafika, na mkaguzi akafika nayo juu ya baiskeli, koti jeusi, miwani. Alikuwa mtu mkubwa sana. Hapo nimwombe radhi: huenda alikuwa wa kawaida, ila mtu ukimwogopa humwona mkubwa. Alizaliwa pande za Muleba, kwa hiyo mila zetu hakuhitaji kuambiwa. Watoto, kila mmoja na punje zake kumi mbele yake, wakasema shikamoo kwa pamoja, akaitika, akaketi kwenye kiti pekee tulichokuwa nacho, akafungua kitabu chake magotini.

"Mwalimu, wanajua kuhesabu?"

"Wanajua, bwana mkaguzi," nikasema.

"Aje mmoja na punje zake. Anihesabie."

Akaenda kijana wa ng'ombe aliyelala. Mkaguzi akamwambia, "Haya, ni ngapi hizo?" Kijana akapiga magoti, akamnyooshea kahawa yote kwa mikono miwili.

Mkaguzi akanitazama. Mimi nikatazama paa. Mtu wa kwetu hawezi kukataa kahawa ya kukaribishwa, hata angekuwa na hasira namna gani, maana kukataa ni kusema hukuja kwa heri. Akachukua moja, akatia mdomoni, akatafuna. Zilizobaki, kijana hakuzirudisha kwake. Akazimimina kwenye mfuko wa koti la mgeni.

Basi wengine waliona jinsi mambo yanavyofanywa. Wakapanga mstari bila kuambiwa, jambo nililoshindwa kuwafundisha wiki tatu. Mmoja baada ya mwingine wakapiga magoti, wakatoa, mkaguzi akatafuna. "Hesabu, mwanangu," aliwaambia watatu wa kwanza. Waliofuata hakuwaambia kitu, mdomo ulikuwa umejaa. Mifuko ya koti ilivimba kama mashavu ya mtoto mwenye kiazi cha moto. Nami nilikuwa nimekwisha kuona magunia yamepangwa ndani ya kibanda changu.

Wa mwisho alikuwa yule msichana asiyesema. Yeye alikuja na kifuniko cha kikapu, punje kumi juu yake. Akapiga magoti, akakinyoosha. Mkaguzi akachukua moja kwa uchovu. Msichana hakuondoka. Alitazama kifuniko, akatazama mdomo wa mgeni.

"Mwenda," akasema.

Ndiyo tisa kwa lugha yetu ya nyumbani. Mkaguzi akaacha kutafuna. Akachukua mbili.

"Mushanju," akasema mtoto, yaani saba, na kwa sauti ya mtu anayeona mgeni anaanza kuzidisha.

Mkaguzi akafuta mdomo kwa leso. "Kutoa! Hata kujumlisha hamjafika. Mwalimu, huyu umemfundisha wewe?"

Ghala, kibanja cha migomba cha baba, kaptula, vyote vilinipita mbele. Neno lenyewe lilikuwa fupi tu, ndiyo, na nilikuwa tayari nimefungua mdomo.

"Hapana, bwana mkaguzi. Nadhani ni bibi yake, kwa kugawa kahawa kwa wageni. Mimi leo ndiyo mara ya kwanza kumsikia sauti."

"Na hao wengine uliwafundisha nini?"

"Kucha, bwana. Na ng'ombe."

Hakucheka. Labda alicheka, miwani ilizuia. Aliandika kwa muda mrefu, kisha akasoma kwa sauti ili nisije nikasema sikusikia: darasa liendelee mpaka mavuno yajayo, ndipo atakuja tena, bibi wa mtoto huyo aombwe kufika kila Jumatatu kusaidia hesabu, na mwalimu atafute vitu vya kuhesabia visivyoliwa. Akapanda baiskeli. Mifuko yake ililia njia nzima.

Sikulala na furaha wala huzuni. Darasa lilikuwa limeokolewa na mtu niliyemwandika vibaya kwa wino, na wino wa siku zile haukufutika. Niliandika pembeni yake, kwa herufi ndogo, "Nilikosea." Bado ipo.

Jumatatu nilikuwa nimeokota kokoto, nimeziosha, nimezipanga kumi kumi juu ya nyasi. Bibi akaingia, watoto wakamsalimu, akaketi katikati yao. Akaokota kokoto moja, akaigeuzageuza, akainusa.

"Mwalimu," akaniuliza kwa upole, "na mkaguzi akirudi, tutampa mawe?"