Kitambi cha Fundi Kanzu

Fundi kanzu wa mtaa wetu, hapa Bondeni, ana kitambi chini ya kitovu ambacho kimekataa kuhama. Kila asubuhi hutembea mbio mbio hadi Ngome na kurudi, kisha hujizungushia tepu kiunoni, huvuta pumzi na kuandika inchi zake ukutani kwa chaki. Mahamri ameyaacha tangu Mfungo Mosi, Ramadhani ilipokwisha. Siku hizi hutafuna tango, tena kwa kelele, ili majirani tusikie. Mteja akijikaza tumbo wakati wa kupimwa, humkemea: "Pumua, bwana! Kanzu utaivaa ukiwa hai."

Jumatatu mkewe alimletea chai isiyo na sukari, akamkuta na tepu kiunoni, mashavu yamemtuna. "Pumua, bwana," akamwambia. Akapumua. Thelathini na nane ikawa arobaini na moja. Fundi alicheka hadi miwani ikamdondoka, akafuta ukuta mzima na kuandika arobaini na moja, kubwa. Punde mteja akaingia, akajikaza tumbo. Fundi hakumkemea. Alimzungushia tepu taratibu, akamuuliza hali ya mama, ya watoto, ya nyumba nzima, mpaka adabu ikamlazimu mteja kupumua ili ajibu.