Kamusi ya Babu Yahama Nyumba

Babu alituachia kamusi moja isiyo na jalada na watoto wawili wenye wazimu wa maneno: baba yangu, seremala, na dada yake mkubwa, fundi cherehani. Kamusi haigawiki kwa msumeno wala kwa mkasi. Basi kila Jumapili ya kwanza ya mwaka wanaulizana maneno matatu matatu, na mshindi anakaa na kitabu mwaka mzima.

Miaka minne mfululizo kilikuwa kwetu. Shangazi ilimuuma, na nasema wazi kwamba nilikuwa upande wake, maana Baba akishinda hashikiki. Kila wiki Shangazi alileta kigoda kilekile eti kipigwe misumari. Kigoda kilikuwa kizima kabisa. Alikikalia hapohapo na kusoma kamusi mpaka Baba amfukuze.

Safari hii alijinoa, na wateja walikiona cha moto! Mwalimu mmoja alinyimwa suruali yake mpaka aseme mshindio ni nini.

"Ugonjwa wa mifugo?" akabahatisha.

Shangazi alicheka hadi akamwaga pini. "Ni nyuzi za mapana ya kitambaa, mwalimu wangu. Umezivaa!"

Jumapili ilipofika, karakana ya Baba ilijaa majirani. Baba alitupa maneno ya useremala mtupu. Shangazi akayajibu yote, hata mfumbati, ule ubao mrefu wa ubavuni mwa kitanda. Baba naye alijibu mawili. Likabaki moja.

"Kidakatonge," alisema Shangazi kwa upole wa kutisha.

Baba akakuna kichwa. "Ni... mtego wa ndege?"

"Unacho hapo, mdogo wangu."

Baba akajipapasa mifuko yote. Watu hoi!

"Kiko wapi, Dada?"

"Panua kinywa." Akamwekea kioo alichokuja nacho. "Hicho kinyama kinachoning'inia kooni."

Baba alikimbilia kamusi, akalikuta neno, akarudi kwenye kioo na kusema "aaa" mara tatu. Kisha akaangua kicheko mpaka machozi. "Miaka arobaini na saba naishi nacho, hata hatujajuana!"

Shangazi aliondoka na kitabu kifuani, akicheza barabarani, mtu mzima na miwani yake. Furaha yake ilinifanya nicheze nyuma yake.

Siku ya tatu nilikuwa dukani kwa Shangazi, Baba alipoingia na suruali mkononi, haangalii mtu usoni.

"Mshono umeachia, Dada."

Shangazi akauinua kwenye mwanga. Ulikuwa umefumuliwa vizuri sana, uzi mmoja mmoja, kwa ncha ya patasi. Aliiweka suruali pembeni. Akavuta kile kigoda, akakipangusa, akaitoa kamusi chini ya vitambaa.

"Kaa," akamwambia. "Unatafuta neno gani?"