Mstari wa Thelathini na Saba

Nakumbuka Jumapili moja ya baridi hapa Barking, London, mwanangu, nilipomliza mtoto wa dada yangu mbele ya watu, nikidhani namtetea Mungu. Nilikuwa nesi wa miaka thelathini, mwenye mdomo, na maandiko nilijiona nimeyamaliza.

Ibada ilikuwa sebuleni kwangu. Tulisoma kwa zamu, kila mtu mstari mmoja, habari za yule Mwethiopia aliyebatizwa njiani, katika Matendo ya Mitume sura ya nane. Zamu ya mstari wa thelathini na saba ikamfikia Rehema, binti huyo wa dada yangu, wa miaka kumi na saba, mzaliwa wa huku huku London, na Biblia yake ya Kiingereza. Akasita.

"Auntie, yangu haina thirty-seven. Inaruka."

"Hairuki! Umeitoa wapi Biblia iliyokatwa neno la Mungu?"

Nikampokonya, nikaifungia kabatini. Hasira hasara. Rehema alichukua koti lake akilia, na kwa Jumapili nne hakukanyaga kwangu wala kanisani. Dada yangu akawa ananipigia simu, anaogopa mtoto ameiacha imani.

Mzee Elisha, mwinjilisti mstaafu kutoka Dodoma, alikuwapo siku ile. Wiki ya nne akaja, akaomba Biblia zote mbili. Chini ya ukurasa wa ile ya Rehema palikuwa na maandishi madogo, kwamba nakala kadhaa huongeza mstari hapo. Kisha akafungua yangu ya Kiswahili. Mstari ulikuwamo, ila ndani ya mabano. Miaka yote nimeyaona mabano yale, wala sikuwahi kujiuliza yamewekwa kwa nini.

"Binti yangu," akasema, "habari hizi zilinakiliwa kwa mkono, karne na karne. Mwandishi mmoja huruka neno kwa uchovu, mwingine huongeza alilozoea kulisikia kanisani. Waliotafsiri kwa Kiingereza zamani walitumia nakala walizokuwa nazo, na wapo waliouawa kwa kazi hiyo. Baadaye zikaonekana nakala kongwe zaidi, zisizo na mstari huu. Watafsiri wa baada yao wangeweza kunyamaza, lakini wakatuambia, kwa mabano yako na maandishi madogo ya Rehema. Mtoto kasoma alichokiona, nawe ukamwadhibu."

Niliona haya, mwanangu, nikakosa pa kuweka uso. Siku hiyo hiyo nilikwenda kwao Walthamstow, na Biblia yake mkononi.

"Nisamehe, Rehema. Biblia yako haina kosa. Mimi ndiye niliyekuwa sijui."

Akanitazama sana. "So naruhusiwa kuuliza? Hata kama wewe hujui?"

"Hasa nisipojua."

Akanivuta mkono ndani, akaanza kuuliza kabla sijavua viatu. Maswali mengine hadi leo sina majibu yake.

Basi shika hili, mwanangu. Kuuliza si ujinga. Neno hili limetufikia kwa mikono ya watu waliochoka, waliokosea, wakarudi kulinganisha na kusahihisha, kwa hiyo swali la mtoto haliwezi kulibomoa. Usilolijua, sema hulijui, mkalitafute pamoja. Na ukikosea mbele ya watu, usione uzito kumwomba radhi mdogo wako. Mungu akujalie moyo mpole, na wanao wasiogope kukuuliza. Amina.