Majivu ya Bridie Hanratty

Lovina Vrooman alizaliwa ndani ya tishali la baba yake, chombo kipana cha kubebea mizigo, kwenye Mfereji wa Erie huko Marekani, mama yake akiwa ameng'ang'ania usukani mpaka uchungu ulipomlazimisha kuuachia. Utotoni alifungwa kamba kiunoni asije akatumbukia majini. Alijua kuongoza baghala waliovuta tishali kutoka ukingoni kabla hajajua kusoma, na alipoolewa na Orrin alihama tu kutoka tishali moja kwenda jingine. Nchi kavu kwake ilikuwa mahali pa kununulia unga na kuzikia watu.

Kila mfereji ulipoganda, familia zote zilivutwa hadi New York, zikafunga matishali ubavu kwa ubavu kwenye gati la Coenties, zikakaa humo mpaka barafu iyeyuke. Kijiji kizima kilielea: majiko yanafuka moshi, nguo zinaning'inia, watoto wanaruka sitaha hadi sitaha wakienda shule. Aliye mbali na gati alipita juu ya matishali ya wenzake ili afike nchi kavu. Ulipita upande wa mbele, hukuchungulia madirisha ya watu, ukakohoa kidogo ili ujulikane. Ruhusa haikuombwa, na hakuna aliyewahi kumzuia mwenzake.

Mwaka ule Orrin alichelewa kufika, wakapata nafasi ya mwisho kabisa, mto mtupu upande mmoja na Bridie Hanratty upande wa pili. Bridie alikuwa mwanamke wa Kiayalandi, mjane, mikono myekundu kwa kufua, mdomo usiojua breki. Lovina naye hakuwa malaika. Wiki ya kwanza tu alimwaga majivu ya jiko mtoni bila kuangalia upepo, na upepo ukayapeleka yote kwenye kamba ya nguo ya Bridie.

"Bi Vrooman," Bridie alimwita, ameshika gauni dogo lililokuwa jeupe, "umezaliwa majini wewe, halafu hujui upepo unatoka wapi?"

"Upepo sijautuma mimi."

"Hili ni gauni la komunyo la binti yangu."

Hapo Lovina angesema samahani yangekwisha. Lakini wanawake wa matishali mengine walikuwa wameshatoa vichwa nje, na mbele ya watu Lovina hakuwa mtu wa kushindwa.

"Basi lifue tena," alisema. "Au sabuni mliiacha Ayalandi?"

Wanawake wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichomchoma Bridie kuliko majivu yenyewe.

"Sawa," alisema. "Siku ukitaka kukanyaga sitaha yangu, utapita kwa magoti."

Tangu siku hiyo Lovina alishuka gatini kwa mashua yao ndogo, akipiga makasia kuzunguka safu nzima ya matishali kwa ajili ya mkate mmoja. Orrin hakujihusisha na vita hivyo. Alipita kwa Bridie atakavyo, akanywa kahawa yake, akarudi akinukia mikate yake.

"Ameniuliza kama kikohozi chako kimepona," alimwambia mkewe.

"Anataka kujua nitakufa lini."

"Vina, pita tu. Mguu wako hautaoza."

"Nipite kwa magoti? Nenda wewe unayependa kahawa yake."

Orrin alicheka mpaka akakohoa. Kikohozi hicho hakikwisha. Jioni alikuwa anatetemeka chini ya mablanketi, na asubuhi hakuweza kuinuka.

Theluji ilianguka siku hiyohiyo. Lovina alipotoka kuchota makaa aliona sitaha ya Bridie nyeupe yote, isipokuwa mstari mmoja mpana wa majivu ulioanzia ubao wa kushukia na kuja moja kwa moja mpaka ukingo wake yeye. Alisimama akautazama, damu ikamchemka. Mwanamke huyu alikuwa anamrudishia majivu yake, tena mbele ya macho ya kijiji kizima. Theluji ilipofunika mstari, kesho yake ulikuwa umechorwa upya. Orrin angeuona angemwambia maana yake, lakini Orrin alikuwa kitandani, na Lovina hakumtajia. Alimkanda kifua kwa mafuta ya bata, akamwekea vitunguu vya kuchemsha, akajiambia ni mafua tu.

Jumapili alikuja mpiga picha, akasimamisha kamera yake gatini, akawaomba watu wa matishali watulie. Wengi walitulia, wengine wakavaa kofia zao nzuri. Lovina alikuwa anakung'uta kitambaa. Aliona lile jicho la kioo limeelekezwa kwenye majivu ya Bridie, akaligeuzia mgongo.

Kesho yake Orrin alianza kuongea na baghala waliokufa zamani. Lovina akakimbilia mashua akamwite daktari. Mto ulikuwa umeganda kuizunguka. Alipiga barafu kwa kasia mpaka kasia likavunjika, na mashua haikusogea. Alijua kwamba Bridie alikuwa anamwona kutoka dirishani, na hilo lilimfanya apige kwa nguvu zaidi.

Kisha akaliacha kasia, akaenda ukingoni. Majivu yalianzia pale pale miguuni pake. Alimpenda Orrin kuliko alivyoipenda shingo yake ngumu, ila alikuwa amechelewa kulijua hilo. Alivuka ukingo, akakunja sketi, akapiga magoti juu ya majivu, akaanza kutambaa.

Bridie alitoka mbio, mikono bado ina unga.

"Simama. Mwanamke, simama. Umepatwa na nini?"

"Ulisema nipite kwa magoti. Orrin anakufa."

"Nilisema. Mimi nasema mangapi kwa siku?" Bridie alimshika makwapani akamwinua kama anavyoinua mtoto. "Majivu haya unadhani nayamwaga ya nini? Nilitaka usiteleze, mjinga wewe. Kila asubuhi nayamwaga, kila asubuhi nakungoja."

Bridie alikuwa ameshaanza kuwaita wanaume kwa sauti ile ile aliyomfokea nayo Lovina gauni likiwa mkononi. Walimbeba Orrin juu ya mlango wa chumba walioung'oa, wakampeleka kwa Bridie kwa kufuata ule mstari mweusi, na hakuna aliyeteleza.

Daktari alisema ni kichomi. Orrin alifariki Alhamisi mchana, kwenye kitanda cha Bridie, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na joto.

"Ningekuita mapema, angepona?" Lovina alimuuliza daktari.

"Sijui, mama," alisema daktari, akifunga mkoba wake. "Labda."

Lovina hakuhamia nchi kavu. Aliliendesha tishali mwenyewe miaka mingi, na kila walipokuja Coenties alifunga kamba karibu na Bridie. Waligombana kama kawaida, kuhusu kabichi, kuhusu Papa wa Roma, kuhusu namna ya kukunja shuka. Ila kukiwa na theluji, Lovina alimwaga majivu sitahani kwake kabla hajaweka kahawa jikoni, hata kama hakuna mtu aliyekuwa na sababu ya kupita.

Ile picha Bridie aliiona siku moja imetundikwa katika duka la vitabu mjini. Aliinunua, akamletea Lovina. Matishali meupe, nguzo za kamba, moshi. Mstari mweusi unakata sitaha moja mpaka ukingoni, hauna alama ya kiatu hata moja. Ng'ambo yake amesimama mwanamke aliyeupa mgongo.

Lovina aliitundika juu ya jiko. Wageni walipouliza mwanamke yule ni nani, alijibu pasipo kugeuka.

"Ni mimi. Hapo Orrin yuko ndani, bado yu hai, na njia imeshatengenezwa."