Kobe wa Pikapu ya Baba

Juzi nilisimama kwa fundi pale Malili anibadilishie kichwa cha gia, kwa sababu cha zamani kilikuwa kimelika mpaka kinateleza mkononi. Kilipotoka, harufu ya mpira uliochakaa ilinirudisha kwenye pikapu ya Baba.

Nilikuwa msichana mdogo, na mteremko wa kutoka Nunguni ulinitisha kuliko nyoka. Niliamini gari ndilo linaloamua mwendo, Baba anang'ang'ana nalo tu. Halafu siku moja, tukiwa sokoni na magunia ya kabichi, kichwa cha gia kilimchomokea mkononi. Nilijua tumekwisha.

Mjomba, aliyekuwa akichonga pale sokoni wanyama wa mti wa kuuzia watalii, alichagua kobe mmoja, akamtoboa tumbo kwa msumari wa moto, akamkaza juu ya chuma cha gia. Moshi wa mti ulichanganyika na harufu ya rangi ya viatu aliyokuwa amemsugulia.

"Kobe kweli?" Baba alicheka. "Si ungenipatia hata swara!"

"Swara wote wameenda na wazungu."

Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo. Swara angetuua.

Tulipofika mteremkoni, Baba alimvuta kobe nyuma, injini ikanguruma, na gari likatambaa polepole hadi chini. Kwa mara ya kwanza nililala usingizi kwenye njia ile.

Leo najua ilikuwa gia ya pili. Lakini fundi aliponiletea kichwa kipya, cheusi, kinachong'aa, nilifungua mkoba nikamtolea kobe yule yule.