Vitabu vya Bwana Tome

Baba yangu alifuta vumbi kwenye vitabu kumi na tatu kwa miaka kumi na minane bila kujua vimeandikwa nini. Vilikuwa vya Kifaransa, vya zamani sana, vimejalidiwa kwa ngozi ya kahawia iliyokuwa ikimeguka pembeni. Vilikaa sebuleni kwa Mfaransa mmoja, wakala wa meli, aliyeishi ghorofani, karibu na bandari, na baba alikuwa boi wake. Shuleni tulifundishwa kwamba neno hilo limekufa pamoja na ukoloni, lakini baba alilitumia bila haya, na mimi lilikuwa likinikera.

Majumba yalipotaifishwa, yule Mfaransa alifungasha. Aliondoka na sahani, mazulia na mbwa. Vitabu vilikuwa vizito mno, mkewe akamwambia baba avichukue. Baba alikodi mkokoteni, akavipitisha Mnazi Mmoja juani, akavifikisha Kariakoo kwenye nyumba ya vyumba sita ambamo sisi tulipanga viwili. Akavipanga juu ya kabati la vyombo, akaendelea kuvifuta vumbi kila Jumamosi kana kwamba mshahara bado unatoka.

Jina nilivipa mimi. Nilikuwa darasa la sita, na mgongoni mwa kila kitabu niliona neno moja limeandikwa kwa dhahabu: TOME. Nikamwambia baba kwamba huyo ndiye mwandishi, tena nilisema kwa uhakika wa mtoto anayeshika nafasi ya pili darasani. Tangu siku hiyo nyumba nzima iliviita vitabu vya Bwana Tome. Mama mwenye nyumba alidhani ni Mmakonde Mkristo wa upande wa Msumbiji.

Miaka ikapita, nikawa mpiga chapa katika shirika moja la umma. Ukaja ule wakati wa kuwasaka watu wasio na kazi mjini ili warudishwe vijijini wakalime. Baba hakuwa na kazi ya kuonyesha kwenye karatasi. Alikuwa akiwapigia watu pasi ya mkaa uani, basi. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuja mara mbili kwa upole, akauliza kitambulisho cha kazi. Mara ya tatu baba alimjibu kabla hajakaa.

"Naenda kwetu kusini, balozi. Mama watoto ameshatangulia. Naondoka mwenyewe kwa meli, nimevaa viatu. Sipakiwi kwenye lori kama kuku."

Balozi alipotoka, baba akanigeukia. "Sasa, mwanangu, kabla sijaondoka unisomee vile vitabu. Nataka kujua vinasema nini."

"Baba, mimi sijui Kifaransa."

"Si umesoma?"

Kwake kusoma kulikuwa kumoja tu. Yeye mwenyewe alikuwa amehitimu kisomo cha watu wazima, cheti chake kiko ukutani, na Kiswahili alikisoma vizuri kwa kukifuata na kidole. Meli aliyoitaka ilikuwa baada ya miezi mitatu. Niliona aibu kumwambia mara ya pili kwamba sijui. Nikaapa kimoyomoyo kwamba atavisikia, hata kama nitavitafuna.

Maktaba ilikuwa na kamusi moja ya Kifaransa na Kiingereza, na ilikuwa haiazimishwi. Kila siku saa ya chakula nilikwenda pale na njaa yangu, nikanakili maneno nyuma ya karatasi zilizoharibika kazini. Foleni ya sabuni nilikuwa naweka jiwe langu linishikie nafasi, nasogea kivulini, nakariri. Watu wa foleni walinizoea. Mama mmoja aliniuliza kama najiandaa kwa mtihani, nikamwambia ndiyo, na wala sikudanganya.

Vitabu vyenyewe vilikuwa na ukaidi. Wiki mbili nzima niliyakosa maneno kwenye kamusi mpaka nilipogundua kwamba wachapaji wa kale waliichapa s ikafanana na f, isipokuwa mwisho wa neno. Hilo nililigundua peke yangu, na hadi leo najivunia. Matamshi hayakunisumbua hata kidogo. Niliyasoma maneno kama yalivyoandikwa, kila herufi na haki yake, kama sisi tusomavyo. Jioni tulikaa uani, nikasoma mstari wa Kifaransa kwa sauti, kisha nikamwambia baba maana yake. Misri, Babeli, Uajemi. Baba alisikiliza huku anapiga pasi.

Neno moja tu lilinishinda: *fut*. Lilikuwa kila mahali. Nililitafuta kwa f, nikalitafuta kwa s, kamusi kimya. Mfalme *fut* hivi, mfalme *fut* vile. Mwishowe nikaamua ni futi. Nikamweleza baba kwamba watu wa kale, mfalme wao akishinda vita au akishindwa, walimpima urefu.

"Mbona wanawapimapima hawa watu kama wanashonewa suti?" baba aliuliza siku moja.

"Ndiyo desturi yao," nikamjibu, tena kwa ukali kidogo.

Ikabaki wiki moja, na sisi tulikuwa tumefika kitabu cha tatu tu. Jioni hiyo mpangaji wa chumba cha mbele, Mzaire mpiga gitaa wa bendi, alitoka uani kuchota maji ya kuoga kabla ya kwenda kazini. Alisimama na ndoo yake akasikiliza.

"Dada, unisamehe," alisema. "Hii lugha munasoma ni ya kabila gani?"

"Kifaransa."

Akaweka ndoo chini. Akaomba kitabu, akafuta mikono kwenye taulo, akasoma. Alijikwaa kwenye zile s, lakini penginepo maneno yalimtoka laini, nusu ya herufi akizimeza. Baba akainua pasi kwenye shati.

"Ndiyo hiyo," alisema. "Ndivyo alivyokuwa anasoma mama wa pale kazini, mke wa bwana."

"Kumbe ulijua kwamba mimi nakosea?"

"Nilidhani chako kimeendelea zaidi. Mambo ya Uhuru."

Mzaire alicheka. Akanieleza kwamba *tome* si mtu, ni juzuu, yaani juzuu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Na *fut* ni "alikuwa", neno dogo la kawaida, na kamusi zinaliweka chini ya neno lingine kabisa. Hakuna mfalme aliyepimwa. Baba alicheka mpaka akakohoa. Mimi nililia. Nililia kwa hasira mbele ya mgeni, kwa sababu miezi karibu mitatu ya njaa ya mchana nilikuwa nimemlisha baba uongo, na mzee alikuwa ameshaanza kuwahadithia watu wa barazani habari za zile futi.

Nikafuta uso nikasema tunaanza upya, kitabu cha kwanza, ukurasa wa kwanza, nitaomba likizo.

"Hatuanzi," baba alisema. "Kalete cha saba."

Nikakileta. Hapo ndipo aliponiambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia hata mama. Mwaka wa pili wa kazi alikifungua kile kitabu. Mwishoni alikuta ukurasa mmoja wa maandishi, na nyuma yake karatasi kubwa iliyokunjwa, akataka kuikunjua. Bwana akatokea. Alimpiga kibao, akamwambia vitu vile havikuandikwa kwa watu wenye mikono kama yake.

"Vibao nimepigwa vingi, vimeisha," alisema. "Lakini ule ukurasa nimeufuta vumbi miaka yote ile. Nataka kujua umesema nini ambacho mimi sikustahili."

Mzaire akataka kuusoma. Nikamzuia mkono. "Kaa hapo kwenye kinu. Usinisaidie mpaka nikwame."

Nilisoma mwenyewe. Nilisoma kwa zile s nilizozijua kuliko yeye, na yeye akinirekebishia sauti. Mambo yalikuwa madogo ajabu: karatasi iwekwe hapa, ikunjwe mara nne, gundi isizidi. Kichwa cha habari kilikuwa na maneno matatu. Mawili ya kwanza Mzaire alisema ni "taarifa kwa". La tatu, *relieur*, hakulijua. Alisomea shule ya misheni madarasa matano, mengine aliyapata kwenye nyimbo.

"Huu ukurasa haukuandikiwa wasomaji," alisema taratibu. "Umeandikiwa mutu fulani. Sijui ni nani."

Usiku ule sikusinzia vizuri. Habari zilikuwa zimefika kwamba meli itaondoka mapema, kesho yake alasiri badala ya wiki ijayo. Asubuhi nilimwomba ruhusa mkuu wangu wa kazi, akakataa, nikaenda. Nilisimama mlangoni maktaba mpaka ikafunguliwa. Neno nililipata mara moja, nikalisoma mara tatu ili nisije nikaleta futi nyingine. Kisha nikarudi Kariakoo mbio, viatu mkononi, kwa sababu kimoja kilikatika kisigino pale Mnazi Mmoja.

Baba alikuwa amekaa juu ya sanduku lake, amevaa viatu na koti, kitabu cha saba mapajani. Majirani walikuwa wamekuja kumuaga. Sikuwasalimu.

"Ni fundi, baba," nilisema. "Fundi wa kujalidi vitabu. Mwenye kushona kurasa na kupaka gundi. Mwenye kiwanda cha chapa anamwandikia fundi jinsi ya kuiweka ile karatasi iliyokunjwa, ni ramani. Yeye alitakiwa autoe ukurasa ule kabla ya kumaliza kazi, naona alisahau."

Baba aliitazama mikono yake, ile ya pasi ya mkaa, ina makovu mpaka kwenye kiwiko.

"Ule wote, ukurasa mzima, ni wa mtu wa kazi?"

"Mzima. Bwana wako hakuandikiwa hata neno moja pale."

"Nisomee tena."

Nikamsomea kwa Kiswahili, polepole, kila neno, na safari hii hapakuwa na la kubuni. Alinitaka nirudie pale pa kukunja, nikarudia. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya, hata baada ya vitabu kuwa vyake, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alifungua mwishoni mwa kitabu na kuikunjua ile ramani magotini, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, mpaka ikamfunika miguu na viatu. Aliiangalia kwa muda mrefu, na hakuniuliza ni ya nchi gani. Nje mwenye mkokoteni alishaanza kulalamika kwamba meli haimsubiri mtu. Baba akamwambia asubiri, akaanza kuikunja kwa kufuata maelekezo.