Kilo za Kumwokoa Ubaid

Rufaida alikuwa fundi wa nguo katika mtaa wa Baba Dogo, mwanamke mnene na mcheshi, aliyeshinda kutwa nyuma ya cherehani huku mahamri yakiwa karibu. Unene haukumsumbua hadi figo za mdogo wake, Ubaid, ziliposhindwa kazi. Ubaid alikuwa akisafishwa damu hospitalini kila wiki, na kila alipotoka huko alionekana amedhoofika zaidi. Ndugu wote walipimwa. Aliyefaa kumpa figo alikuwa Rufaida peke yake.

"Lakini kwa uzito huu sikupasui," daktari alimwambia. "Nitajikuta na wagonjwa wawili badala ya mmoja. Punguza kwanza."

"Nina muda gani, daktari?"

"Fanya haraka, mama. Ndugu yako hali yake si nzuri."

Tangu siku hiyo, kila tonge aliona kama anamnyima Ubaid siku moja ya kuishi.

Akaacha bodaboda, akawa anakwenda dukani kwa miguu. Maji alichota mwenyewe na kupanda nayo ngazi hadi gorofa ya juu, na nguo za nyumba nzima alizifua kwa mikono. Asubuhi alikimbia uwanjani na jirani yake Nduta, muuza mboga, buibui akiwa amelikunja kiunoni juu ya suruali. Vijana wa boda walimcheka: "Mathe, ni askari wa kanjo wanakufukuza?" Hakuwajibu. Pumzi za kujibu hakuwa nazo.

Mizani ya duka la dawa ilishuka kidogo, kisha ikagoma. Hofu ikamzidi. Akaacha chakula cha mchana, halafu na cha jioni, na mbio akaziongeza. Haikupita muda, macho yakaingia giza akaanguka katikati ya uwanja.

Nduta alimlaza kichwa mapajani, akamnywesha chai yenye sukari. "Rufaida, unataka kumpa figo ama unataka tuzike wawili?"

"Jana hakunitambua, Nduta. Aliniita kwa jina la marehemu mama."

Nduta alimwongezea chai. "Basi kula, ndio upate nguvu ya kukimbia. Mboga zitatoka kwangu, na nitakaa hapo nikuone ukimeza."

Ikawa hivyo: sukuma wiki, maharagwe, yai, ugali wa kiasi, na mbio zisizomuua. Uzito ukaanza tena kushuka, polepole mno kwa moyo wake. Simu ikilia akiwa kazini, mguu uliganda kwenye cherehani hadi ajue si hospitali.

Siku aliyorudi kwa daktari, alipanda kwenye mizani amefumba macho.

"Fungua macho, mama," daktari alisema. "Sasa tunaweza."

Baada ya upasuaji, Rufaida alizinduka na maumivu makali ubavuni. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Ubaid?"

"Yuko salama," nesi akamwambia. "Na figo inafanya kazi. Ameshakojoa."

Akalia mpaka mshono ukamuuma.

Ubaid amerudi kazini, ingawa dawa atameza maisha yake yote. Rufaida bado hukimbia na Nduta, na bado wasiwasi haujamtoka. Kila asubuhi humpigia mdogo wake simu kumuuliza kama amekojoa vizuri.

"Dada," Ubaid humjibu, "watu husalimiana kwanza!"